Joy Adamson na Sura za Wakenya: Uchambuzi wa Urithi Wenye Khitilafu

Chanzo cha kadhia

Jina la Joy Adamson likitajwa mbele ya hadhara yoyote ya Wakenya, iwe katika kumbi za chuo kikuu au katika foleni ya matatu ya alfajiri pale Kware na Pipeline, jambo la kwanza kuwajia watu akilini ni simba jike aitwaye Elsa. Na waliosoma zaidi kidogo watakumbuka kitabu cha mwaka 1960 kilichomtangaza simba huyo, sinema ya mwaka 1966 iliyofuata, na kuuawa kwa mwandishi mwenyewe katika hifadhi ya Shaba tarehe 3 Januari 1980. Ni wachache mno wajuao kwamba bibi huyu, kabla hajamlea mwana wa simba hata mmoja, alikuwa mchoraji, na kwamba mkono wake uliacha nchini humu mamia ya michoro ya maua na mamia mengine ya sura za watu, ambayo sehemu yake imo katika Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi na sehemu nyingine imo Ikulu, mahali ambapo mwananchi wa kawaida hapigi hodi.

Kutojua huku ndiko kunakozaa mkanganyiko, kwani kila nakala za picha hizo zinapotokea vitabuni au kuzagaa simuni, watu hugawanyika papo hapo. Mmoja husema kwamba hivi ndivyo walivyokuwa mababu zetu, na ashukuriwe aliyewachora. Wa pili husema kwamba hii ni kazi iliyoagizwa na serikali ya mkoloni, kwa hiyo iteremshwe ukutani. Wa tatu, ambaye amesikia habari za Monet na wenzake, hustaajabu kwamba mchoraji aliyezaliwa Ulaya mwaka 1910, wakati ambapo nuru na rangi za Paris zilikwisha kuenea bara hilo lote, alichora kwa ukavu wa karani, na huuliza kama kazi hiyo ni sanaa hata kidogo. Makusudio ya uchambuzi huu ni kuzipima rai hizi kwa insafu, na kuangalia zinamhusu vipi mtu wa Eastlands, yaani mitaa ya mashariki ya Nairobi, ambaye, kama itakavyobainika, anahusika na kadhia hii kwa sababu ya kule kukosekana kwake katika picha.

Nuru ya Paris na jua la Nairobi

Mwaka 1874 kundi la wachoraji wa Paris, miongoni mwao Monet, Renoir, Degas, Pissarro na Berthe Morisot, walifanya maonyesho yao bila ya idhini ya wakuu wa sanaa wa mji huo, wakakejeliwa kwa jina la Waimpreshonisti, na jina la kejeli likawa jina la heshima. Mafunzo yao yalikuwa mepesi kusemwa na mazito kutendwa: kwamba rangi ya kitu haidumu, bali hubadilika kwa kadiri ya nuru inayokiangukia, kwamba kivuli si weusi mtupu, na kwamba mchoraji atoke nje ya chumba chake, aikamate saa yenyewe kabla haijapita. Kufikia mwanzo wa karne ya ishirini mafunzo hayo yalikuwa yamewafikia wachoraji wa sura na wa maua karibu katika kila mji wa Ulaya, hata wale ambao wasingalikubali kuitwa wafuasi wa mtu yeyote.

Mmoja wa waliopita katika shule hizo za Paris alikuja akaishi Nairobi. Akseli Gallen-Kallela, aliyezaliwa Finland mwaka 1865, aliyesoma Paris katika miaka ya 1880 na aliyepata sifa kwa kuchora visa vya Kalevala, utenzi mkuu wa taifa lake, alifika nchini mwaka 1909 pamoja na mkewe na watoto wao wawili, wakati ambapo Nairobi ilikuwa mji wa reli wenye umri wa miaka kumi tu, akakaa hadi karibu na mwisho wa mwaka 1910, na katika muda huo akachora picha zaidi ya 150. Katika picha hizo mna nyanda, mna Mlima Kenya, mna sura za watu, na juu ya vyote mna jua; rangi zimewekwa nzito na safi, kwa mikato mipana ya brashi, kama alivyoziona chini ya mwanga wa utosini, kwa namna ambayo hata Waimpreshonisti wenyewe wangaliiona kuwa ni ujasiri uliopita kiasi. Picha hizo kwa wingi ziko Finland, na Mkenya anayetaka kuziona hana budi kusafiri. Huyu ndiye mchoraji ambaye angalimridhisha yule mlalamishi wetu wa tatu, walakini nchi ilimsahau, ilhali ilimkumbuka Joy Adamson. Na sababu ya tafauti hiyo si ubora wa brashi, bali ni kwamba mmoja aliondoka na kazi yake na mwingine akaiacha.

Joy Adamson alizaliwa kwa jina la Friederike Victoria Gessner katika mji wa Troppau, uliokuwa katika dola ya Austria na Hungaria na ambao leo unaitwa Opava, katika Jamhuri ya Cheki. Alikulia katika utamaduni wa Vienna, akajifunza kinanda, akajaribu uchongaji, na asifike mbali katika lolote. Alikuja Kenya mwaka 1937, na safarini akakutana na Peter Bally, Mswisi aliyekuwa mtaalamu wa mimea, ambaye baadaye akawa mume wake wa pili na ndiye aliyempa hilo jina la Joy. Hapa ndipo palipo ufunguo wa habari yote. Joy hakuingia katika uchoraji kwa mlango wa Paris wala wa shule yoyote ya rangi, bali aliingia kwa mlango wa elimu ya mimea: mumewe alikusanya maua kwa ajili ya makumbusho, ambayo wakati huo yakiitwa Coryndon, naye akayachora kabla hayajanyauka.

Tuliangalie kwa karibu ua moja la kazi yake. Karatasi ni nyeupe tupu, haina mlima wala mbingu wala ardhi. Katikati limewekwa tawi moja lililokatwa. Ua moja limefunguka, jingine lingali tumba. Mishipa ya jani yafuatika kwa jicho hadi ncha, na pale ambapo petali inapindika kivuli kimetiwa kidogo tu, cha kutosha kuonyesha umbo na si zaidi. Hakuna saa ya siku katika picha hii, haikuchorwa asubuhi wala jioni, kwa kuwa mtaalamu wa mimea haihitaji saa. Anachohitaji ni idadi ya petali, umbo la jani na urefu wa kikonyo. Kwa kazi ya namna hii Chama cha Kifalme cha Bustani cha Uingereza kilimtunuku nishani ya dhahabu ya Grenfell mwaka 1947, na hakuna mwenye insafu atakayesema kwamba hakuistahili.

Muda mfupi baadaye serikali ya kikoloni ya Kenya ikamwagiza achore watu wa makabila ambayo desturi zao zilidhaniwa kuwa zinatoweka. Wakati huo alikuwa ameolewa na George Adamson, mlinzi wa wanyama katika wilaya za kaskazini, na kwa miaka kadhaa akazunguka nchi, kutoka kwa Waturkana hadi kwa Wapokomo na Wagiriama, akiwaketisha watu mbele yake na kuwachora kwa rangi za maji. Mwaka 1967 akatoa kitabu juu ya watu wa Kenya kilichokusanya sehemu ya kazi hiyo.

Rai ya kwanza: kwamba hii ni amana

Wanaozitetea picha hizi wana hoja nzito kuliko wanavyodhaniwa. Picha za kamera za siku hizo aghalabu zilikuwa nyeusi na nyeupe, na mtu anayetaka kujua shanga za bibi harusi fulani zilikuwa nyekundu ipi, na zilipangwa katika safu ngapi, au pete ya sikio ilikuwa ya shaba au ya mfupa, hatapata jibu katika picha ya kamera. Atalipata kwa Joy Adamson, kwa kuwa mkono uliozoea kuhesabu petali haukushindwa kuhesabu shanga. Chale za usoni, msuko wa nywele uliopakwa udongo, ngozi iliyoshonwa kwa kauri, yote yamewekwa kwa uangalifu ambao fundi wa leo, akitaka kukifufua kitu kilichopotea, anaweza kuufuata hatua kwa hatua. Fauka ya hayo, picha zilibaki nchini. Mali nyingi za makabila yetu zilichukuliwa zikapelekwa katika makumbusho ya London na Berlin, na leo tunabembeleza zirudishwe. Hizi hazina haja ya kurudishwa.

Udhaifu wa rai hii ni kwamba huichukulia picha kuwa ni dirisha, kana kwamba hapakuwa na mtu aliyechagua kioo na kukiweka mahali alipotaka. Agizo lilikuwa ni kuchora kinachotoweka, na mtu aliyetumwa kutafuta kinachotoweka hatamchora mpwa wa yule mzee, aliyeketi pembeni akiwa amevaa suruali ya kaki na koti la jeshi alilorudi nalo kutoka Burma. Haiwezekani kudhani kwamba kila aliyeketi aliketi katika mavazi yake ya kila siku; yamkini wengi walivaa mavazi ya siku kuu, na wengine yale ya ujana wao. Kwa hiyo amana ni amana, lakini ni amana ya upande mmoja, na mwenye kuionyesha bila ya kusema hivyo humpotosha mtazamaji.

Rai ya pili: kwamba hili ni jicho la mtawala

Rai ya pili huanzia pale ambapo ya kwanza inakomea, na nguvu yake hudhihirika mtu akiziweka tarehe pamoja. Katika miaka ile ile ambayo serikali ilikuwa ikilipia kuchorwa kwa wazee wenye mavazi ya manyoya na vijana wa jando, watoto na wajukuu wa watu hao hao walikuwa wakimiminika Nairobi, wakijazana Pumwani, Shauri Moyo, Ziwani, Kaloleni na Bahati, wakifanya kazi katika reli na nyumba za Wazungu, wakiunda vyama vya wafanyakazi na kusoma magazeti. Oktoba 1952 ikatangazwa hali ya hatari. Tarehe 24 Aprili 1954 majeshi yakaizingira Nairobi katika ile operesheni iliyoitwa Anvil, nyumba za Eastlands zikasakwa mlango kwa mlango, na makumi ya maelfu ya watu, kwa wingi Wagikuyu, Waembu na Wameru, wakapelekwa vizuizini. Desturi za watu hawa hazikuwa zinatoweka kama umande. Zilikuwa zikibadilika kwa nguvu ya kodi, ya mashamba yaliyotwaliwa na ya mshahara wa mjini, na aliyekuwa akizibadilisha ndiye aliyekuwa akilipia picha za kuomboleza kubadilika kwake.

Kuna jambo jingine, dogo kwa sura na kubwa kwa maana. Serikali ile ile, kwa karibu miaka thelathini tangu baada ya vita vya kwanza vya dunia, ilimlazimisha mwanamume wa Kiafrika kubeba kipande chenye jina lake, kabila lake, habari za mwajiri wake na alama za vidole vyake, na wengi walikitundika shingoni katika kasha la bati. Katika kipande kulikuwa na jina bila ya sura. Katika picha za Joy Adamson, kwa wingi wake, mna sura bila ya jina: mzee wa kabila fulani, mwanamke aliyeolewa wa kabila fulani, kijana aliyetoka jandoni. Dola ilipotaka kazi ya mtu ilimjua kwa jina, na ilipotaka uzuri wake ikamjua kwa kabila.

Walakini rai hii nayo ina mahali inapoteleza. Anayesema kwamba picha hizo ni jicho la mtawala na basi, humfanya aliyeketi kuwa gogo lisilo na nia. Mtu haketi saa nyingi mbele ya mgeni mwenye brashi bila ya kuwa na hesabu yake mwenyewe: wako waliotaka waonekane na cheo chao, wako waliotaka mavazi ya mama zao yasisahauliwe, na ukizitazama vizuri baadhi ya sura hizo, hasa za wazee, utaona macho yanayompima mchoraji kama yeye anavyowapima. Tena, ukiziteremsha picha ukazifungia stoo, umeificha pia hati ya ushahidi wa namna tulivyotazamwa, na mjukuu atakayekuja kuuliza hatakuwa na cha kuonyeshwa.

Rai ya tatu: kwamba si sanaa

Juu ya rai hii hapana haja ya kukawia sana, kwani khitilafu yake ni ya mizani. Anayemtaka Joy Adamson awe Mwimpreshonisti amtaka awe mtu mwingine. Mchoraji wa nuru na mchoraji wa umbo hufanya biashara mbili zilizo mbalimbali: wa kwanza hukupa saa na hali, akakunyima hesabu, wa pili hukupa hesabu, akakunyima saa. Lau Gallen-Kallela angaliwachora wale mabibi harusi, tungaliona jua likipiga ngozi na vumbi likipanda, na tusingalijua shanga zao zilikuwa safu ngapi. Makumbusho yanahitaji safu za shanga, na mtu aliyesimama mbele ya picha akitaka kuhisi kwamba yule aliyechorwa aliwahi kupumua, huyo anahitaji ile nuru.

Hata hivyo, rai hii inatukumbusha jambo ambalo watetezi na walalamishi wote wawili hulisahau, nalo ni kwamba katika miaka hiyo hiyo walikuwapo Waafrika waliochora Waafrika. Margaret Trowell alikwisha kuanzisha mafunzo ya sanaa Makerere mwishoni mwa miaka ya 1930, na kutoka hapo wakatoka Gregory Maloba, mchongaji, na Sam Ntiro wa Tanganyika, ambaye picha zake zimejaa watu walimao, wabebao migomba na waendao arusini, watu wengi pamoja, katika vilima vya kwao. Elimo Njau, naye mwana wa Marangu, mwishoni mwa miaka ya 1950 alizichora kuta za kanisa la Murang'a lililojengwa kuwakumbuka waliouawa katika vita vya Mau Mau, akamweka Kristo katika ardhi ya Wagikuyu, penye vilima na migomba yao. Watu wa Ntiro na wa Njau ni wadogo katika picha, sura zao hazihesabiki kope, na hata hivyo wanao uwanja wa kusimama, wana jirani, wana kazi mkononi. Ukizilinganisha na zile karatasi nyeupe za Joy Adamson, utaona kwamba kilichopungua kwake ni ardhi, wala si ustadi: mtu amekatwa kutoka penye shina lake, akawekwa katikati ya weupe, akaandikiwa chini yake jina la jinsi yake, kama lilivyofanywa lile tawi. Njia iliyompatia nishani kwa maua ndiyo aliyoitumia kwa binadamu, na kila sifa na kila aibu ya picha hizo yatokana na hapo.

Kware na upande wa pili wa mji

Kware iko Embakasi Kusini, katika ardhi iliyochimbwa mawe yaliyoijenga Nairobi, na leo nyumba za kupanga za ghorofa nyingi zimesimama kando ya mashimo ya machimbo hayo na kando ya mabati ya Mukuru. Mtoto wa hapa anayetaka kuziona picha za Joy Adamson hupanda matatu hadi mjini, na nyingine hadi Museum Hill, akalipa kiingilio. Gharama si kubwa kwa mtu wa Lavington, lakini kwa familia inayonunua maji kwa mtungi ni jambo la kufikiriwa. Hali kadhalika shuleni: kwa miaka mingi, tangu masomo ya mtihani wa darasa la nane yalipopunguzwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, uchoraji ulikuwa kitu cha kujazia ratiba, na ingawa mtaala mpya umefungua mkondo wa sanaa na sayansi ya michezo katika sekondari ya juu, mkondo bila ya brashi, bila ya karatasi na bila ya picha za kutazama ni jina tu.

Wako basi wanaouliza, na hii twaweza kuiita rai ya nne ingawa haijapata wasemaji wengi, kwa nini mtu wa Eastlands ajishughulishe na maiti wa Shaba ilhali wachoraji walio hai wako mlangoni pake. Hoja hii ina uzito. Katika Lunga Lunga, ng'ambo kidogo tu ya Kware, kikundi cha Wajukuu, kilichoanzishwa na Shabu Mwangi na wenzake, kimefundisha watoto wa Mukuru kuchora kwa takriban miaka ishirini, na mwaka 2022 kikaalikwa katika maonyesho makubwa ya documenta huko Kassel, Ujerumani, ambako mlango wa ukumbi mmoja waliugeuza kuwa pango la mabati yenye kutu, hata mgeni wa Ulaya akawa hana budi kupita ndani ya Mukuru ndipo aione kazi nyingine. Kuna pia sanaa ya sura isiyohesabiwa na mtu yeyote kuwa sanaa: vichwa vilivyochorwa kwenye kuta za vinyozi, na nyuso za wacheza mpira na waimbaji zilizopuliziwa rangi kwenye ubavu wa nganya za njia ya Embakasi, ambazo fundi wake anajua nuru kuliko wengi waliosomea, kwa sababu sura yake haina budi kutambulika na abiria gari likiwa mbioni. Tena sura hizo zina majina. Hapana anayelipia achorewe mchezaji wa kabila fulani.

Lakini hoja hii haikamiliki bila ya kutaja namna Kware yenyewe inavyotazamwa. Julai 2024 jina la mtaa huu lilienea duniani kwa sababu ya miili iliyotolewa katika shimo la machimbo lililogeuzwa jaa, na kwa majuma kadhaa kila aliyeielekeza kamera yake Kware alielekeza kwenye shimo lile. Habari ilistahili kutangazwa, na wafiwa walistahili kusikilizwa. Jambo la kusikitisha ni kwamba baada ya hapo wageni hawakurudi kuchukua picha nyingine, na hivyo mtaa wa maelfu ya watu ukabaki na sura moja, iliyochaguliwa na watu waliokuja kutafuta kitu kimoja. Mwenye kulielewa hili amekwisha kuelewa kosa la agizo la serikali ya kikoloni, maana ni kosa lile lile: kumtuma mtazamaji na jibu mkononi kabla hajafika.

Mizani

Tukizirudisha rai hizi katika mizani, ya kuteremsha picha ndiyo nyepesi kuliko zote, kwa kuwa inamwadhibu aliyeketi kwa kosa la aliyeagiza. Ya kuzitukuza bila ya masharti haina uzito mkubwa kuliko hiyo, maana inamwachia mtazamaji aamini kwamba mwaka 1950 Kenya haikuwa na mtu mwenye suruali. Ya sanaa na isiyo sanaa imekwisha kujibiwa: ni michoro ya elimu iliyofanywa kwa ustadi, na ithaminiwe kwa kipimo hicho, huku nafasi ya juu katika uchoraji wa watu wa nchi hizi wakipewa Ntiro na Njau. Na ile rai ya Eastlands, ya kuwatazama walio hai kwanza, ni ya haki katika jambo la fedha: shilingi moja ya umma ikigombaniwa kati ya kuzitia picha hizo fremu mpya na kuwapa watoto wa Kware rangi na karatasi, na iende Kware.

Lakini yako mambo yasiyogharimu sana ambayo makumbusho yangaliweza kuyatenda. La kwanza ni maandishi ya ukutani: chini ya kila sura iandikwe nani aliyeagiza, mwaka gani, na nini kilikuwa kikitokea katika wilaya hiyo mwaka huo, ili mtazamaji ayaone mavazi ya jando na zile lori za Anvil katika pumzi moja. La pili ni nakala. Picha za rangi za maji hazipendi mwanga mwingi wala kusafirishwa ovyo, na ni haki asili zake zilindwe; bali nakala iliyochapwa vizuri haina sababu ya kutofika katika ukumbi wa Kaloleni au shule ya msingi ya Mukuru, na zile za Ikulu zina haki zaidi ya kutolewa nakala, kwa kuwa hizo hata nauli ya matatu mbili haikufikishi kwazo. Nakala hizo zikitundikwa kando ya sura zilizochorwa na wanafunzi wa mtaa wenyewe, za mama mboga, za fundi wa welding na za mlinzi wa ploti, kila moja na jina lake chini, tafauti ya njia hizo mbili ya kumtazama mtu itasomeka bila ya mwalimu kuieleza.

La tatu, na ndilo lenye haraka, ni majina. Waliokuwa watu wazima walipoketi mbele ya Joy Adamson karibu wote wamekwisha kufariki. Watoto wao, walio hai, ni wazee wa miaka sabini na themanini, na huenda baadhi yao wamehamia kwa watoto wao huku huku Embakasi, Kayole na Umoja. Kwa hiyo, ewe msomaji, ikiwa nyumbani kwenu yuko mzee wa namna hiyo kutoka Turkana, Samburu, Mto Tana, Taita au kwingineko, mwonyeshe picha hizi, hata kwa simu. Na akimtambua mtu, liandike jina, kijiji na ukoo, ulipeleke kwa wahifadhi wa Makumbusho ya Nairobi kabla ya mzee huyo naye hajaondoka.